Hopa Kwanza Kwenye Skrini, Kisha Kwenye Chuma

Fundi anaagizwa hopa ya mashine ya kusaga: mdomo wa sentimita 60 kwa 60, tundu la chini 15 kwa 15, kimo 40. Anatandika shiti sakafuni na kuchora trapeza nne, kila moja sentimita 60 upande mmoja, 15 upande wa pili, na 40 katikati. Anakata, anasimamisha, anachomelea. Mbavu zinakutana vizuri, kona zimefunga, na kwa macho kazi ni safi. Anapoipeleka kwenye fremu ya mashine ndipo anapogundua kuwa hopa ni fupi. Kimo chake ni sentimita 33.

Sentimita saba zimekwenda wapi?

Zimepotea kwenye mlalo. Zile 40 alizochora zilikuwa urefu wa ubavu unaoteremka kwa mshazari, na mteja alitaka kimo cha kusimama wima. Ni vipimo viwili tofauti, na kwenye ubavu wowote ulioinama haviwezi kulingana. Shiti imeshakatwa, gesi na fito zimeshatumika, na mteja anasubiri. Mwongozo huu ni wa kumwepusha msomaji na hasara hiyo: unaeleza jinsi ya kulijenga umbo kama hilo kwenye programu ya usanifu wa kompyuta, kulikagua, na kulishusha kwenye shiti kabla grinda haijawashwa.

Kwa nini Kolo, na kwa nini hopa

Mfano wetu tunauweka Kolo, kijiji cha Wilaya ya Kondoa, kando ya barabara kuu itokayo Dodoma kwenda Babati. Duniani kinajulikana kwa michoro ya miambani. Mwanaakiolojia Mary Leakey alifanya kazi ya kuinakili hapa mwaka 1951, na mwaka 2006 UNESCO iliiingiza michoro ya Kondoa kwenye orodha ya urithi wa dunia. Watalii wanakuja kwa ajili ya miamba. Wenyeji wa ukanda huu wanaishi kwa mahindi, mtama, uwele na alizeti, na mazao hayo yote, yakifika mashineni, hupita kwenye hopa. Mashine ya kusaga ina hopa. Ya kukoboa inayo. Ya kukamua alizeti inayo pia, na mara nyingi huwa na nyingine ndogo ya kupokea mashudu.

Hopa hizo nyingi zina umbo moja: piramidi iliyopinduliwa na kukatwa ncha. Kwa hiyo kijana wa Kondoa au Dodoma aliyejifunza ufundi vyuma chuoni na sasa anataka kujifunza kuchora kwa kompyuta hana haja ya kuanza na piramidi za Misri. Umbo analo mbele yake, linauzika, na likikosewa linaonekana siku hiyohiyo.

Elewa umbo kabla ya kugusa kipanya

Piramidi ina kitako na ina ncha. Ukiikata kwa usawa chini ya ncha, unabaki na umbo lenye vitako viwili, kikubwa na kidogo. Ugumu wote unatokana na jambo moja: umbo hilo lina urefu wa aina tatu, na mtu asiyezoea huzichanganya.

Wa kwanza ni *kimo wima*, yaani umbali wa kusimama kutoka tundu hadi usawa wa mdomo. Wa pili ni *kimo mshazari*, unaopimwa juu ya uso wa ubavu, katikati yake. Wa tatu ni *urefu wa kona*, mahali ambapo mbavu mbili zinakutana. Kimo wima ndicho kifupi kuliko vyote, na kona ndiyo ndefu kuliko vyote.

Kanuni ya Pythagoras inatosha kuvipata. Kwenye hopa ya mfano wetu, tofauti ya mdomo na tundu ni milimita 600 toa 150, yaani 450. Gawa kwa mbili: kila ubavu unaingia ndani kwa 225. Kimo mshazari ni kipeuo cha pili cha 400 × 400 jumlisha 225 × 225, na jibu ni 458.9. Kwa kona, mwingio si 225 tena, kwa sababu kona inakwenda kwa ulalo: ni 225 mara 1.414, yaani 318.2. Ukirudia hesabu ileile unapata 511.1.

> KISANDUKU CHA 1: Hopa ya mfano kwa namba
>
> Mdomo wa juu: mm 600 × 600
> Tundu la chini: mm 150 × 150
> Kimo wima: mm 400
> Kimo mshazari wa ubavu: mm 458.9
> Urefu wa kona: mm 511.1
> Mwinamo wa ubavu kutoka usawa: nyuzi 60.6
> Mwinamo wa kona kutoka usawa: nyuzi 51.5
> Pembe ya ndani kati ya mbavu mbili zinazopakana: nyuzi 103.9
> Ujazo: lita 63, sawa na debe tatu za lita 20 na lita tatu juu

Msomaji atazame tena mistari miwili ya mwinamo. Ubavu umesimama kwa nyuzi 60.6, lakini kona yake ni nyuzi 51.5 tu. Hili ndilo jambo muhimu kuliko yote kwenye hopa za pembe nne, na ndilo linalosahaulika zaidi: kona daima imelala kuliko ubavu. Punje na unga huganda konani kwanza. Mtu akipima mwinamo wa ubavu na kuridhika, amepima mahali pasipo na tatizo.

Kipimo kinachotumika sana ni nyuzi 45 au zaidi kwa nafaka kavu inayotiririka, na nyuzi 60 au zaidi kwa vitu vinavyoshikana kama unga na mashudu. Kwa mahindi makavu, hopa yetu inafaa hata konani. Kwa mashudu ya alizeti, kona zake zitaziba, na mwenye mashine atakuwa akiigonga kwa nyundo kutwa nzima.

Programu gani

Zipo nyingi, na hesabu haibadiliki kwa kubadilisha programu. Kwa anayeanza, FreeCAD ndiyo chaguo bora. Ni ya bure, haina leseni ya kulipia kila mwaka, inafanya kazi kwenye Windows, Linux na macOS, na ikishawekwa kwenye kompyuta haihitaji intaneti. Unaweza kuipakua mjini penye mtandao mzuri, ukaiweka kwenye flashi, ukaitumia kijijini. Toleo la 1.0 lilitoka Novemba 2024. Hatua zilizo hapa chini zinafuata toleo hilo. Majina ya vitufe yameachwa kama yanavyoonekana kwenye skrini ili usipate shida kuvitafuta.

Wenye AutoCAD au SketchUp watapata sehemu yao mbele kidogo.

Hatua za kujenga hopa kwenye FreeCAD

Wazo ni rahisi. Unachora mraba mdogo chini, unachora mraba mkubwa juu yake kwa umbali wa kimo wima, kisha unaiambia programu iiunganishe. Kitendo cha kuunganisha kinaitwa *Loft*. Angalia kwamba hakuna mahali unapoandika kimo mshazari. Programu itakipata yenyewe, na hapo ndipo kosa la yule fundi linapofungiwa mlango.

1. Fungua faili jipya. Hakikisha vipimo viko kwenye milimita. Chagua eneo la kazi la *Part Design*, kisha unda *Body*.

2. Anzisha mchoro mpya kwenye bapa la XY. Chora mstatili unaoanzia katikati, yaani kwenye makutano ya mihimili miwili. Upe upande mmoja milimita 150 na wa pili 150. Mchoro uliofungwa vipimo vyote hubadilika kuwa kijani. Usitoke kabla haujawa kijani, kwa sababu mchoro usiofungwa huhama baadaye bila wewe kujua. Funga.

3. Anzisha mchoro wa pili kwenye bapa lilelile la XY. Chora mstatili kutoka katikati, milimita 600 kwa 600. Funga.

4. Mchoro wa pili bado umelala chini pamoja na wa kwanza. Uchague kwenye orodha ya kushoto, nenda kwenye sifa zake, tafuta *Attachment Offset*, fungua *Position*, na kwenye z andika 400. Utaona mraba mkubwa ukipanda.

5. Chagua mchoro mdogo, bofya *Additive Loft*, kisha ongeza mchoro mkubwa kama sehemu ya pili. Weka alama kwenye *Ruled surface* ili nyuso ziwe bapa. Kubali. Umbo limetokea, lakini ni gimba zito, halina uwazi ndani.

6. Simama hapa upime ujazo kabla ya kuendelea. Gimba hili zito ni sawasawa na nafasi ya ndani ya hopa. Fungua dirisha la Python kupitia *View*, *Panels*, *Python console*, chagua umbo, kisha andika:

   `Gui.Selection.getSelection()[0].Shape.Volume`

   Jibu linatoka kwa milimita za ujazo. Unapaswa kuona 63000000, au namba inayotofautiana nayo kwa desimali tu. Gawa kwa milioni moja upate lita.

7. Sasa litoboe. Shikilia Ctrl, chagua uso wa juu na uso wa chini, bofya *Thickness*. Andika unene wa shiti, kwa mfano 1.5. Hakikisha unene unakwenda nje, ili vipimo vya ndani vibaki vilevile. Kwenye aina ya muungano chagua *Intersection*. Ukiacha *Arc*, kona za nje zitakuwa za mviringo, tofauti na utakachochomelea.

8. Chagua mstari wa kona ya ndani na uupime. Ukisoma 511.1, hopa yako ni sahihi.

Anayetarajia kutengeneza hopa za saizi mbalimbali aongeze hatua moja mwanzoni: afungue *Spreadsheet*, aandike vipimo vitatu, na kila seli aipe jina, tuseme *mdomo*, *tundu* na *kimo*. Kwenye michoro, badala ya kuandika 600, aandike `=Spreadsheet.mdomo`. Kuanzia hapo, mteja anayetaka mdomo wa 700 anahudumiwa kwa kubadilisha namba moja. Kazi hiyo ya dakika kumi inalipa kwa miaka.

Hakiki ujazo kwa mkono

Kompyuta inafuata unachoiambia, hata ukiiambia vibaya. Kwa hiyo hesabu moja ya karatasi ni lazima. Kanuni ya ujazo wa piramidi iliyokatwa ncha ni hii: jumlisha eneo la mdomo, eneo la tundu, na zao la ubavu wa mdomo kwa ubavu wa tundu. Zidisha kwa kimo wima. Gawa kwa tatu.

Kwa mfano wetu: 360,000 jumlisha 22,500 jumlisha 90,000 ni 472,500. Mara 400, gawa kwa 3, unapata 63,000,000. Inalingana na skrini.

Wengi hutumia njia ya mkato ya kuchukua wastani wa maeneo mawili na kuuzidisha kwa kimo. Njia hiyo inatoa lita 76.5. Ni ziada ya lita 13.5 zisizokuwepo, zaidi ya nusu ya debe. Aliyemwahidi mteja ujazo huo atalaumiwa kwa haki.

Kanuni yenyewe ni ya kale mno. Imo kwenye papirasi ya Misri inayohifadhiwa Moscow, iliyoandikwa takriban mwaka 1850 KK. Mfano wake una kitako cha 4, juu 2, kimo 6, na jibu 56. Msomaji anaweza kulijaribu sasa hivi: 16 jumlisha 8 jumlisha 4, mara 6, gawa kwa 3.

Kutoka skrini hadi shiti

Modeli nzuri isiyofika kwenye shiti ni picha tu. Kila ubavu wa hopa yetu ni trapeza ya 600 juu, 150 chini, na 458.9 katikati. Kwa tepu na chaki, 459 inatosha.

1. Chora mstari wa 600 na uweke alama katikati, kwenye 300.
2. Kutoka katikati, simamisha mstari wa 459 kwa pembemraba.
3. Mwisho wa mstari huo, pima 75 kila upande. Hiyo ndiyo 150 ya tundu.
4. Unganisha ncha.
5. Pima milalo miwili ya trapeza. Yote miwili lazima iwe 592.7, kwa tepu 593. Ikitofautiana, trapeza imepinda.

Kisha panga vipande kwa akili. Shiti ya kawaida ya futi 4 kwa 8 ni milimita 1220 kwa 2440. Trapeza nne zikipangwa zote zikitazama upande mmoja zinakula urefu wa 2400, karibu shiti nzima. Ukizigeuza moja juu, moja chini, zikabana mishazari yao, zinakula 1725 peke yake. Kipande cha zaidi ya nusu mita kinabaki kwa kazi nyingine, na hujaongeza hata senti. Acha tu nafasi ya upana wa diski kati ya mstari na mstari.

Eneo la mbavu nne ni mita za mraba 0.688. Kwa shiti ya chuma ya milimita 1.5, uzito wake ni kama kilo 8. Namba hiyo ni ya thamani unapopanga miguu ya fremu na unapopiga bei.

Baadhi ya mafundi hukata mbavu mbili zikiwa zimeungana kwenye mshazari, kisha wanakunja. Ni njia nzuri, inapunguza mishono minne kuwa miwili. Lakini hapa kuna mtego. Mkono umezoea kukunja nyuzi 90, na kona ya hopa *si* nyuzi 90, ingawa ukiitazama kutoka juu inaonekana hivyo. Pembe ya ndani ni nyuzi 103.9. Maana yake shiti bapa inakunjwa kwa nyuzi 76 tu. Kata kigezo cha boksi gumu chenye pembe ya 104 na ukitumie kupimia kila mkunjo.

Kabla ya kukata chuma, kata boksi la katoni kwa robo ya saizi: 150, 37.5, na 114.7. Gundisha na upime kimo. Ikiwa ni milimita 100, endelea.

> KISANDUKU CHA 2: Tahadhari
>
> Usichomelee shiti yenye zinki ndani ya chumba kilichofungwa. Moshi wake husababisha homa na kifua kubana. Fanya kazi nje au penye hewa, na uondoe zinki kwenye mshono kwanza.
>
> Ndani ya hopa ya chakula usipake rangi ya kawaida ya chuma. Itabanduka na kuingia kwenye unga.
>
> Mdomo wa hopa uwekewe wavu wa fito. Mkono wa mtoto anayesukuma mahindi unaweza kufika chini haraka kuliko mwenye mashine anavyoweza kuzima injini.

Tundu likihama pembeni

Mara nyingi mashine haikubali tundu la katikati. Injini iko njiani, au mlango wa kinu uko upande mmoja. Hapo hopa inakuwa piramidi iliyoegemea: ubavu mmoja umesimama wima kabisa na wa upande wa pili umelala zaidi.

Kwenye FreeCAD mabadiliko ni madogo. Rudi kwenye mchoro wa tundu na uusogeze kwa milimita 225 upande mmoja, ulingane na ukingo wa mdomo. Loft inajirekebisha yenyewe. Ujazo haubadiliki hata kidogo: bado ni lita 63, kwa sababu kila kipande cha usawa kina eneo lilelile, kimesogea tu.

Kilichobadilika ni mwinamo. Ubavu uliolala sasa unaingia 450 badala ya 225, na mwinamo wake umeshuka hadi nyuzi 41.6. Kona zake mbili zimeshuka hadi 38.5. Hata mahindi makavu yataanza kusita hapo. Tiba ni kuongeza kimo. Ukitaka kona zisimame angalau kwa nyuzi 45, kimo kifike zaidi kidogo ya milimita 503. Badilisha 400 kuwa 510 kwenye modeli, upime tena. Ni afadhali kugundua jambo hili kwenye skrini kuliko kuligundua msimu wa mavuno.

Kumbuka pia kwamba mbavu hazifanani tena. Ubavu wa wima, ubavu uliolala na mbavu mbili za pembeni kila moja ina umbo lake. Chora na ukate kila moja kwa kipimo chake, na uziandike namba kwa chaki.

Umbo hilohilo juu ya nyumba

Nyumba ya asili ya Wagogo na Warangi ni tembe, paa lake bapa la miti na udongo. Banda la pembe nne lenye bati linaloteremka pande zote nne ni habari nyingine: ni piramidi kamili, ncha ikiwa juu. Anayeweza kuchora hopa anaweza kulichora.

Chukua banda la kupumzikia la mita 6 kwa 6, na paa linalotokeza senti­mita 60 kila upande. Kitako cha piramidi ni mita 7.2 kwa 7.2. Kwa mwinamo wa nyuzi 30, kilele kiko mita 2.08 juu ya usawa wa ukingo. Bati la katikati ya upande lina urefu wa mita 4.16. Mbao ya kona inahitaji mita 5.5. Eneo la bati, kabla ya kupandisha na kupoteza kwenye mikato, ni karibu mita za mraba 60, wakati ardhi iliyofunikwa ni 51.84. Anayenunua bati kwa kupima ardhi atakwama na sehemu ya upande mmoja haijaezekwa.

Kwenye FreeCAD, tumia eneo la kazi la *Part*: chora mraba, weka nukta kwenye kilele, na ufanye Loft kutoka mraba hadi nukta. Weka alama ya kuunda umbo lililojaa, la sivyo utapata ngozi isiyo na kitu ndani.

Kwa wenye programu nyingine

AutoCAD ina amri maalumu, *PYRAMID*. Inakubali pande 3 hadi 32. Hapa wengi hupotea kwenye neno nusukipenyo. Kwa kawaida amri hupima kutoka katikati hadi *katikati ya upande*, kwa hiyo kitako cha 600 kinaandikwa 300. Lakini ukichagua *Inscribed*, inapima hadi *kona*, na 300 ileile inakupa kitako cha milimita 424. Baada ya kitako, chagua *Top radius*, andika 75, kisha kimo 400. Umbo litatokea pana chini, kwa hiyo ligeuze.

Kwenye SketchUp, chora mraba wa 150, uvute juu kwa 400, chagua uso wa juu, tumia *Scale* kwenye kona huku umeshikilia Ctrl, na andika 4. Mara nne ya 150 ni 600.

Makosa yanayojirudia

Kosa kubwa limeshaelezwa: kimo mshazari kuchukuliwa kuwa kimo wima. Mengine ni haya.

- *Loft kujisokota.* Ikiwa mraba mmoja umeanza kuchorwa kwenye kona tofauti na mwingine, umbo linaweza kujikunja kama kamba. Futa mchoro wa pili na uuchore kwa mpangilio uleule wa kona.
- *Vipimo vya nje kuchukuliwa kuwa vya ndani.* Kwenye shiti ya 1.5 tofauti ni ndogo. Kwenye ya 3 au 4, tundu halitaingia kwenye shingo ya kinu.
- *Kuchapisha bila kukagua skeli.* Ukichapisha kigezo kwenye karatasi, weka mstari wa milimita 100 pembeni na uupime kwa rula. Printa nyingi hupunguza ukurasa kimyakimya.
- *Kusahau ukingo wa kufungia.* Mdomo na shingo vinahitaji kipande cha wima cha kufunga bolti. Kichore tangu mwanzo, kama milimita 30, nje ya ile 400.

> ORODHA YA KUKAGUA KABLA YA KUWASHA GRINDA
>
> ☐ Mteja amethibitisha: kimo kilichoagizwa ni cha wima
> ☐ Vipimo vya mdomo na tundu ni vya ndani
> ☐ Michoro yote miwili ni kijani
> ☐ Ujazo wa skrini unalingana na wa karatasi
> ☐ Mwinamo wa *kona* unatosha kwa zao litakalotumika
> ☐ Urefu wa kona umepimwa kwenye modeli
> ☐ Katoni ya robo saizi imetoa kimo sahihi
> ☐ Milalo ya kila trapeza inalingana
> ☐ Vipande vimepangwa kwa kugeuzana kwenye shiti
> ☐ Faili limehifadhiwa na nakala iko kwenye flashi

Asiye na kompyuta yake aanze na hesabu za Kisanduku cha 1 na katoni, kisha atafute chuo cha ufundi au rafiki mwenye kompyuta kwa saa mbili. Saa mbili zinatosha kuijenga hopa hii mara ya kwanza. Mara ya pili ni dakika ishirini.